Tahadhari ya mvua msiikate katikati

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya karibuni kuhusu dhoruba kubwa za Novemba duniani ilikuwa na hesabu nyingi za meli zilizozama na watu waliokufa. Kilichokosekana ni namna watu wale walivyoonywa: waliambiwa nini, saa ngapi, na walibaki na muda wa kufanya nini. Kwa sisi wa Dodoma hapo ndipo penye kazi. Mwishoni mwa Novemba mawingu ya kwanza huanza kupanda baada ya kiangazi kirefu, na wengi wetu tunaijua taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kupitia kurasa zenu. Taarifa hiyo mnaikata, tena mnakata mistari ambayo msomaji angeifanyia kazi.

Nianze na dhoruba zenu wenyewe. Ile ya mwaka 1703 ilipiga kusini mwa Uingereza usiku wa 26 kuamkia 27 Novemba kwa kalenda yao ya zamani, sawa na 7 na 8 Desemba ya sasa. Inakadiriwa iliua watu 8,000, wengi wao mabaharia, na iliufagia mnara wa taa wa Eddystone pamoja na mjenzi wake, Henry Winstanley, aliyekuwa ndani. Hakuna aliyeonywa, kwa kuwa habari ilisafiri kwa farasi na dhoruba humpita farasi. Mliacha jambo dogo ambalo fundi yeyote wa Dodoma angelielewa mara moja: baada ya upepo kutulia, bei ya vigae vya paa ilipanda mara kadhaa. Anayekwenda kununua bati siku mbili baada ya upepo wa Desemba anaijua bei hiyo.

Mabadiliko yalianza mwaka 1854. Tarehe 14 Novemba dhoruba ilivunja meli za Waingereza na Wafaransa zilizotia nanga karibu na Balaklava, katika vita vya Krimea. Serikali ya Ufaransa ilimtaka mwanafalaki Le Verrier achunguze. Alikusanya vipimo vya hewa kutoka sehemu mbalimbali za Ulaya, akaonyesha kwamba dhoruba ileile ilivuka bara zima kwa siku kadhaa kabla ya kufika Bahari Nyeusi. Telegrafu, yaani ujumbe wa waya, ilikuwapo tayari. Laiti mtu mmoja angekuwa na kazi ya kupokea vipimo na kuvituma mbele, meli zile zingeonywa. Huduma za hali ya hewa tunazozijua leo zilianzia kwenye hoja hiyo. Uingereza ilianza kutoa maonyo ya dhoruba kwa bandari mwaka 1861 chini ya FitzRoy, afisa wa jeshi la maji, na Marekani ilitoa onyo lake la kwanza kwa Maziwa Makuu ya huko tarehe 8 Novemba 1870.

Lakini onyo kutolewa ni jambo moja, na mtu kulifuata ni jingine. Novemba 1913 bendera na taa za hatari zilipandishwa katika bandari za Maziwa Makuu ya Marekani. Manahodha wengi walikuwa wanawahi mzigo wa mwisho kabla ya barafu. Upepo ukapungua katikati ya dhoruba, wakadhani imekwisha, wakang'oa nanga. Meli 12 zilizama na watu zaidi ya 250 walikufa kati ya tarehe 7 na 10. Tarehe 11 Novemba 1940 ilikuwa kinyume chake. Asubuhi katika majimbo ya kati ya Marekani palikuwa na joto la karibu nyuzi 15, wawindaji wa bata wakaingia mtoni na nguo nyepesi, na kufikia jioni walikuwa ndani ya theluji na upepo mkali. Walikufa watu wapatao 150. Utabiri wa eneo lote ulitoka ofisi moja ya Chicago ambayo usiku haikuwa na mtu kazini. Baada ya maafa, Minnesota ikapewa watabiri wake wa kufanya kazi saa 24.

Iliyo muhimu kuliko zote mliipa sentensi mbili tu. Usiku wa 12 kuamkia 13 Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliingia Pakistani ya Mashariki, Bangladesh ya sasa, kikaua watu kati ya 300,000 na 500,000. Uchunguzi uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu walijua kimbunga kinakuja, ila asilimia moja hivi tu ndio waliokimbilia jengo imara. Taarifa ilifika ikiwa imebeba neno hatari peke yake. Maji yatafika kimo gani, saa ngapi, mtu aende wapi: hayo hayakufika. Mwaka 1972 nchi hiyo ilianza mpango wa watu wa kujitolea vijijini wenye redio, bendera na vipaza sauti. Haukumaliza tatizo kwa mara moja. Aprili 1991 bado walikufa watu wapatao 138,000, kwa sababu majengo ya kukimbilia hayakutosha. Kimbunga Sidr kilipofika tarehe 15 Novemba 2007, kikiwa na nguvu kubwa, waliokufa walikuwa kama 3,400. Ni wengi mno, lakini linganisheni na 1970.

Sasa turudi nyumbani. Tahadhari ya TMA hutolewa kwa siku tano na kuhuishwa kila siku. Huwa na ngazi (angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa), mikoa, tarehe, halafu mistari miwili: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Hufuata mfano wa athari zenyewe, kama makazi kuzungukwa na maji au barabara kutopitika. Mkiichapa, hubaki kichwa cha habari chenye maneno "mvua kubwa yaja" na orodha ya mikoa. Uwezekano wa wastani wenye athari ndogo unaonekana sawasawa na uwezekano mkubwa wenye athari kubwa. Msomaji anayetishwa kwa kiwango kilekile kila wiki ataacha kuamini kufikia Januari, na Januari ndipo ardhi ya Dodoma inakuwa imeshiba maji. Siku na saa taarifa ilipotolewa pia hamuiandiki. Gazeti la asubuhi lina taarifa ya jana, na huenda imeshabadilishwa usiku.

Kosa jingine hurudi kila Septemba. TMA hutoa mwelekeo wa mvua za vuli mwishoni mwa Agosti, kwa mikoa yenye misimu miwili ya mvua: pwani ya kaskazini, nyanda za juu kaskazini mashariki, Kanda ya Ziwa. Dodoma na Singida hazimo. Sisi tuna msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili, na mwelekeo wake hutoka karibu na mwisho wa Oktoba. Nyie huchapa ule wa Agosti kana kwamba ni wa nchi nzima, mkulima wa Chamwino anasoma "juu ya wastani" na kununua mbegu ya mahindi ya muda mrefu.

El Niño, yaani joto la ziada la Bahari ya Pasifiki, nayo inahitaji uangalifu. Mvua za Oktoba hadi Desemba za mwaka 1961 zilikuwa za kutisha kaskazini mwa Tanganyika na Kenya, na Ziwa Viktoria lilipanda karibu mita 2.5 kufikia 1964. Mwaka 1997 zikaja tena, kisha 2019, kisha 2023. Katika miaka yote hiyo upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto zaidi kuliko upande wa Sumatra, Indonesia, na tofauti hiyo ya joto ndiyo inayosukuma unyevu kuja huku. El Niño yenyewe huisaidia, lakini mwaka 2019 mafuriko yalitokea bila El Niño yenye nguvu. Dodoma iko mpakani: kaskazini yetu El Niño huongeza mvua, na kusini mwa Afrika huleta ukame. Kwa hiyo mwenye kusema "mwaka huu El Niño, Dodoma itazama" amerukia jibu. Aangalie joto la bahari, halafu asubiri mwelekeo wa Oktoba.

Mfano wa karibu ni Hanang. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, sehemu ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ikiwa imelowa sana, ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Haikuwa volkano, ingawa uvumi huo ulienea kwa kasi. Mlimani hatari hutokana na mvua za wiki nzima zilizojikusanya kwenye udongo, na mvua ya siku yenyewe huweza kuwa ya kawaida. Anayeishi chini ya mteremko mkali atazame dalili: nyufa mpya ardhini juu ya nyumba, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyogeuka tope, au mto uliopungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Hii ya mwisho ni mbaya kuliko zote, kwani maana yake kuna kitu kimeziba juu na maji yanajikusanya nyuma yake. Hapo hakuna kusubiri tangazo.

Dodoma mjini tishio la kwanza la msimu ni upepo unaoitangulia mvua. Novemba hewa iliyo chini ya wingu ni kavu na ya moto. Mvua inayoanza kudondoka hukauka ikiwa bado angani, hewa inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka na kusambaa pande zote inapogusa ardhi. Ndiyo maana huja ukuta wa vumbi na baridi ya ghafla dakika chache kabla ya matone ya kwanza, na wakati mwingine upepo huangusha paa bila mvua ya maana kufuata. Upepo huu ni tofauti na zile nguzo za vumbi za Septemba zinazozunguka mchana wa jua kali, na ni tofauti kabisa na kimbunga cha baharini. Hicho hulishwa na maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi, nasi tuko takribani kilomita 350 kutoka pwani. Picha mnazochapa za paa lililoezuliwa Dodoma zikiwa na kichwa cha "kimbunga" humfanya mtu asubiri tangazo la kimbunga ambalo halitakuja kamwe.

Nguvu ya upepo ina hesabu rahisi. Upepo wa kilomita 40 kwa saa hubana kwa kama kilo 7 kwa kila mita ya mraba. Kasi ikiwa mara mbili nguvu huwa mara nne, yaani karibu kilo 28 kwa kilomita 80, na zaidi ya kilo 40 kwa kilomita 100. Kwenye kingo na pembe za paa mvuto wa kwenda juu unaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Bati la geji 30 pamoja na papi zake (mbao linapopigiliwa) halifikishi hata kilo 10 kwa mita ya mraba. Kinacholishikilia paa ni misumari na kamba ya chuma, uzito wake hausaidii kitu.

Na misumari hulegea kiangazi. Mbao hukauka na kusinyaa kuzunguka msumari, bati hutanuka mchana na kujikunja usiku, tundu linapanuka, mpira wa msumari unapasuka kwa jua. Fundi apande sasa, kabla ya Novemba kwisha. Misumari iliyonyanyuka asiigongelee kwenye tundu lilelile. Aing'oe, apige mpya iliyosokotwa pembeni kidogo, juu ya mgongo wa bati na kamwe si bondeni, kisha azibe tundu la zamani. Kwenye safu za chini, za juu karibu na kofia, na pembeni zote, msumari ukae kila mgongo wa pili. Katikati ya paa kila wa tatu au wa nne hutosha. Bati lisizidi sana nje ya papi ya mwisho, maana ule ukingo unaoning'inia ndio upepo unaoushika kwanza na kuanza kulichana paa lote.

Nyumba nyingi zilizoezuliwa hupoteza bati pamoja na kenchi nzima, yaani fremu ya mbao ya paa. Hapo kosa liko chini: ubao unaolala juu ya ukuta umepigiliwa misumari tu kwenye tofali la juu kabisa. Waya mnene au utepe wa chuma unatakiwa utoke kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), upite ndani ya kozi zote za tofali, kisha uikumbatie mbao na kusokotwa, ili paa lishikiliwe na uzito wa ukuta. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, toboa ukuta chini ya kozi tatu au nne, pitisha waya, funga, na uzibe kwa saruji. Mawe juu ya bati hayafungi kitu. Hushika bati kwenye upepo mdogo, na kwenye mkubwa huanguka juu ya watu. Upepo ukianza, funga madirisha na milango ya upande unakotokea, kwani hewa ikiingia ndani hulisukuma paa kwa chini wakati ya nje inalivuta kwa juu.

Tembe la Kigogo, ile nyumba ya jadi yenye paa la udongo, niseme kwa heshima, hulishinda bati kwa upepo. Adui yake ni mvua ndefu. Udongo wa sentimita 10 juu ya paa ni kama kilo 150 kwa mita ya mraba ukiwa mkavu, na ukilowa hukaribia 200. Nguzo zilizoliwa na mchwa chini ya usawa wa ardhi ndizo huachia, mara nyingi usiku wa tatu wa mvua. Chimba kidogo kila nguzo na kuichoma kwa ncha ya kisu kabla ya msimu.

Kuhusu maji: milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 10 kwa 8 likipata milimita 50 hutoa karibu lita 4,000, tanki la lita 2,000 hujaa mvua ikiwa nusu tu, kwa hiyo bomba la ziada lielekezwe mbali na msingi. TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Hapa kwetu milimita 30 zilizomwagika ndani ya dakika 40 juu ya ardhi iliyokauka na kujifunga ni hatari kuliko 60 za siku nzima. Eneo la kilomita 10 za mraba likipata hizo 30, na nusu yake ikatiririka, korongo hupokea mita za ujazo 150,000, sawa na malori 15,000 ya mita za ujazo 10.

Mchanga unaojaza makorongo kila mwaka hupunguza kina chake, na kalavati iliyotosha zamani haitoshi tena. Reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe imekuwa ikikatwa kwa sababu hiyo mara kwa mara. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 ilikatika vibaya huku maelfu ya watu wa Kilosa wakikosa makazi. Maji yale yalitokana kwa sehemu kubwa na mvua za milima na nyanda za upande wa Dodoma. Ukiwa ukingoni mwa korongo, anga lililo juu yako halikuambii kitu. Tazama wingu lililo upande maji yanakotoka. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi humwangusha mtu mzima, 30 huliyumbisha gari dogo, 60 hubeba karibu gari lolote. Bodaboda isijaribu hata ya kwanza. Na radi ikifuata umeme ndani ya sekunde 30, ingia ndani, ukae hadi dakika 30 zipite bila ngurumo.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Chapeni tahadhari nzima, pamoja na ile mistari miwili na saa ya kutolewa. Kisha, kuanzia wiki ya tatu ya Novemba hadi mwisho wa Aprili, wekeni kila Jumatatu safu fupi ya vituo vya Dodoma, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa: milimita za wiki, siku iliyonyesha kuliko zote, na jumla tangu msimu uanze. Mkulima akiona milimita 20 zimefuatwa na siku kumi kavu, atajua mwenyewe kwamba zile zilikuwa mvua za kupita, maana jua la Novemba hukausha kama milimita 6 kwa siku. Nafasi mnayo, ukurasa uleule wa utabiri wa nyota.

Msomaji wenu,
Dodoma